Mnyama Aliyefunikwa Shuka

Kila mji una mtu anayekumbukwa kukiwa na sherehe na kusahaulika vyombo vikishaoshwa. Kwingine ni mpiga tarumbeta, kwingine ni mwenye kukodisha mahema. Makongeni, kule Thika, mtu huyo ni mchinjaji Ramadhani Musembi, ingawa majina hayo mawili huyasikia hospitalini tu. Mtaa mzima humwita Rama. Baba yake alikuwa Mkamba aliyesilimu alipokuja kutafuta kazi ya kiwanda. Mama yake alizaliwa Majengo, mwanamke wa kuuza sokoni kwa Kikuyu na kugombeza watoto kwa Kiswahili. Rama mwenyewe, ukimwuliza kabila, atakuuliza kwanza unataka kununua nini.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo mpaka mashine zikanyamaza, kisha akaingia machinjioni, na mgongo ulipoanza kulalamika akabaki mchinjaji wa kuitwa. Kazi hiyo si haba upande huu. Watu wengi wa Thika na Ruiru ni Wakristo, na mkono wa kumchinja mbuzi wao wanao. Lakini mtu akiwa na harusi, au ruracio ya kupeleka mahari, au matanga, humtafuta Mwislamu ashike kisu, asije mgeni mmoja akakaa mezani mikono mapajani wakati wenzake wanatafuna. Mara nyingi mgeni huyo ni Rama peke yake. Watu wameshazoea; hakuna anayefikiria Waislamu wangapi watakuja kabla ya kumpigia simu.

Kwa hiyo Rama amechinja kwa kila namna ya furaha na kila namna ya msiba, na kazi hiyo imemfundisha tabia moja: haulizi. Huonyeshwa mnyama, huchinja, hupewa haki yake, huenda zake. Sherehe ni ya nani, mwenye boma amekosana na nani, hayo si mambo ya kisu.

Ndiyo maana mwaka huu, mvua zilipochelewa na vumbi likawa limekaa juu ya kila kitu, hakuona ajabu mtu aitwaye Gathogo alipobisha mlangoni kwake. Alikuwa mwanaume mpole wa makamo, kichwa kimenyolewa, viatu vimeshika udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.

"Tunatengeneza filamu, mzee," alisema. "Huko nyuma ya Kalimoni, ndani ya kahawa. Kuna mahali pa kuchinja kondoo."

"Filamu ya nini?" aliuliza Zubeida, mke wa Rama, aliyekuwa akifua nguo uani.

"Ya kutisha, mama. Kijiji kimejitenga na dunia. Kinaabudu udongo. Mara kwa mara kinautolea sadaka. Watu siku hizi wanapenda kuogopa."

"Na wanalipia?"

"Wanalipia sana."

"Waambie waje hapa mwisho wa mwezi wakae na mwenye nyumba. Nitawaogopesha bure."

Gathogo alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo, kama mtu aliyengoja kwanza kuona wengine wanachekaje.

"Na nyinyi huko hamna mikono ya kuchinja?" Zubeida aliendelea.

"Hadithi inataka mkono wa mgeni, mama. Mtu wa kijiji hamwagi damu."

Rama alikubali. Gathogo alipoondoka, Zubeida alikamua shati, akalining'iniza kwenye kamba.

"Baba Nadira, huyo mtu hapepesi macho."

"Ni mwigizaji."

"Hata waigizaji hupepesa."

Siku yenyewe Gathogo alimfuata na pikapu asubuhi. Walishika barabara ya kushuka Juja, wakakata kuelekea Kalimoni. Upande ule zamani ulikuwa kahawa tupu, mistari na mistari. Sasa ni ploti: mawe ya mipaka, kuta zilizosimama bila paa, mabango ya kuuza robo ekari, na nyumba za kupanga zinazosogea kutoka Ruiru kila msimu kama moto wa nyasi. Kisha barabara iliteremka mtoni, na ng'ambo ya mto kahawa ilikuwa bado ipo. Haikuwa imekatiwa matawi kwa miaka. Ilikuwa imepanda juu ya kichwa cha mtu, nyeusi na nene, na gari lilipoingia ndani yake Rama aliona ubaridi mikononi.

Kwenye lango aliombwa simu. Kuliwekwa kikapu.

"Mlio wa simu unaharibu sauti za filamu," Gathogo alisema, na Rama akaiweka yake humo, kwa sababu ilikuwa sababu nzuri.

Kijiji kilikuwa cha nyumba za mabati, kila moja imepakwa udongo mwekundu kuanzia chini hadi juu. Hapakuwa na waya wa stima wala msalaba wala redio. Watu walitoka kuja kumtazama, wanawake kwa wanaume, vichwa vyote vimenyolewa, miguu mitupu, nguo rangi ya ardhi. Walikuwa wakitabasamu. Rama aliwasifia moyoni. Wenye filamu hii hawakufanya mchezo.

Mwanamke mmoja alimletea uji kwenye kibuyu, akajitaja jina lake kuwa Waceke.

"Mmeanza kazi hii lini, mama?" Rama aliuliza.

Waceke alimtazama Gathogo, kisha akamgeukia mgeni. "Mimi niko hapa tangu msichana wangu akiwa mgongoni."

Rama alicheka akamwagikiwa uji kidevuni. "Umeshika kweli kweli. Wewe utafika mbali."

"Asante," alisema Waceke. Akainama, akagusa ardhi kwa kidole, akakiweka kidole ulimini.

"Na kamera ziko wapi?" Rama alimwuliza Gathogo.

"Juu ya miti. Ni ndogo, huwezi kuziona."

Rama aliangaza macho kwenye mikima, ile miti mirefu ya kivuli iliyosimama kati ya kahawa. Hakuona kitu. Hata hivyo aliinua mkono akaipungia miti, ili Zubeida siku moja amwone.

Walitembea kuelekea bondeni, na Gathogo akawa anamweleza mambo njiani. Hadithi inasema udongo huu una mwenyewe, alisema, na mwenyewe hajawahi kuuza. Hadithi inasema watu wa nje walipoanza kuukata vipande vipande, wenyeji waliuendea wakaulalia kifudifudi, wakausikia una kiu. Hadithi inasema atakayeikata shingo ya sadaka lazima awe wa nje, kwa kuwa watu wa nje ndio walioanza kukata. Rama aliitikia kwa kichwa. Njia ilikuwa nyembamba na watu walikuwa wakiwafuata nyuma bila kusema neno, na alitaka sauti ya Gathogo iendelee ili asisikie miguu yao.

"Tulipotoa wa kwanza, tingatinga ziliishia mtoni," Gathogo alisema. "Tulipotoa wa pili, yule tajiri aliyenunua aliugua, na watoto wake wakaogopa kuja. Sasa wamerudi. Juzi tumekuta mawe ya mipaka upande huu."

Walikuwa wameshapita miti mingi kabla Rama hajatambua kwamba Gathogo ameacha kusema hadithi inasema.

Bondeni palikuwa na jiwe pana, la bapa, na juu ya jiwe mnyama alikuwa amelazwa. Alikuwa amefunikwa shuka ya kahawia kutoka mwisho hadi mwisho, na shuka ilikuwa imepasuliwa mahali pa shingo. Jua lilikuwa utosini. Watu walijipanga duara. Waceke alisimama karibu na jiwe, ameshika karai.

"Mbona amefunikwa?" Rama aliuliza.

"Anaogopa watu. Chinja tu hapo penye nafasi."

Rama alichuchumaa. Aliona kipande cha ngozi, kimepakwa majivu na udongo, hakina sufu.

"Mmemnyoa?"

"Tumemnyoa."

Ni kweli watu huwa na mambo yao. Aliwahi kuchinja mbuzi aliyevishwa tai, kwenye harusi moja ya Ruiru, na hakuuliza. Akageukia kibla, akaweka kisu nyuma ya mgongo wake mnyama asikione, kama alivyofundishwa. Halafu akakumbuka jambo ambalo mchinjaji halisahau hata akiwa na haraka namna gani.

"Amekunywa maji?"

Duara lilitikisika. Ni wazi kwamba swali hilo hawakuwa wamelitazamia.

"Ya nini?" Gathogo alisema.

"Mnyama hachinjwi na kiu. Akinywa, akikataa, ni shauri lake. Lakini lazima apewe."

Walitazamana. Mwishowe Waceke aliweka karai chini, akaenda kwenye chemchemi hatua chache kutoka pale, akarudi na kata ya maji. Rama aliipokea, akainua ukingo wa shuka upande wa kichwa, akaisukuma ndani.

Vidole vilitoka vikaishika. Vidole vitano, vyembamba, kucha zimejaa udongo.

Rama alisikia mtu akimeza. Kisha kata ilirudishwa, tupu, na sauti ya msichana ikasema kutoka ndani ya shuka, "Asante, baba."

Mtu akipewa jambo asiloweza kulibeba, akili yake hutafuta kwanza pa kulitua. Akili ya Rama ilitua kwenye filamu. Bila shaka. Kondoo angekuja baadaye. Hapa palikuwa pa kuigiza tu. Alihema, akacheka, akajifuta jasho machoni, mchinjaji mjinga yeye.

"Kumbe ni mtu. Mngeniambia tangu mwanzo. Basi nileteeni kile kisu cha kuigiza."

Hakuna aliyecheka.

"Kisu ni hicho chako," Gathogo alisema kwa upole. "Yule wa mwisho hakuinua shuka. Alifanya kazi, akapewa haki yake, akaenda."

Rama alitazama miti. Aliitazama yote, mmoja mmoja, akitafuta kamera kama mtu anayezama anavyotafuta ukingo. Kulikuwa na majani tu.

Alivuta shuka. Msichana alikuwa wa umri wa Nadira, binti yake anayesuka watu nywele Ruiru, na hakuwa amefungwa kamba wala kuzibwa mdomo. Alikuwa amekunja magoti na kulala kwa ubavu wa kushoto, akamwangalia bila hofu yoyote.

"Inuka, mwanangu. Twende."

"Usiniharibie, baba," msichana alisema. "Nimefunga. Niko tayari."

"Unaitwa nani?"

"Ngendo."

"Mama yako yuko wapi, Ngendo?"

Msichana alimwelekeza kwa macho. Waceke, akiwa ameshaliokota karai, alimtabasamia mwanawe kama mzazi kwenye siku ya kupokea zawadi shuleni.

Rama alirudi kinyumenyume. Alingoja kushikwa, na angependa ashikwe, apigwe hata, kwa sababu hayo angeyaelewa. Walimfungulia duara. Langoni walimpa simu yake.

"Tutakungoja," Gathogo alisema.

Alitembea ndani ya kahawa hadi mtoni, kisu mkononi, mgongo umemsisimka wote, na hakugeuka hata mara moja.

Alienda kituoni siku ile ile. Askari wawili walikubali kwenda naye, kwa maana Kenya hii tumeshasikia habari za watu waliofia msituni kwa imani, na hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyepuuza. Lakini walipofika kulikuwa na kamera kwenye miguu mitatu katikati ya uwanja, mpya, ikimeta. Gathogo alikuwa nyuma yake na kofia. Ngendo alitoka nyumbani akitafuna kijiti.

"Mimi ni mwigizaji," aliwaambia askari. "Mzee alishtuka. Ni kosa letu, pole sana."

Askari mmoja alipiga picha na wanakijiji wenye vipara. Mwingine aliuliza filamu itatoka lini. Njiani kurudi walimshauri Rama apunguze miraa, kitu ambacho hajawahi kukitia mdomoni.

"Ulichokiona nakiamini," Zubeida alimwambia jioni. "Sasa wataita mchinjaji mwingine."

Hilo ndilo lililokuwa likimla Rama. Wachinjaji wa kuitwa anawajua, na wote hawaulizi, kama yeye. Aliwafuata baada ya sala ya Ijumaa, akawapigia walioko Ruiru, akawasihi: mkiitwa nyuma ya Kalimoni msiende, na popote mkikuta mnyama amefunikwa, funueni. Wengine walimwonea huruma. Samir, kijana anayechinjia mahoteli, alimwuliza, "Mzee, uko sawa kweli?"

Kisha Gathogo akapiga simu.

"Hatutaita mwingine," alisema. "Ngendo amekataa. Ulimpa maji. Anasema mkono ni wako au hakuna."

"Basi hakuna."

"Mzee, tuna subira."

Kuanzia hapo Rama alianza kuwaona wale wenye vipara. Mmoja alisimama karibu na duka la dawa alipokwenda kununua vidonge vya mgongo. Wawili walikaa kwenye benchi nje ya harusi aliyoitiwa, wakitabasamu, na wenye harusi wakadhani ni wa kanisa fulani, wakawapa sahani, ambazo hawakuzigusa. Kila alipotoa kisu alihisi kuna mtu nyuma yake anayekitazama kwa upendo. Akaanza kukataa kazi. Nadira alipotaka kuja nyumbani kusalimia alimwambia abaki Ruiru, akamdanganya kwamba kuna homa mtaani. Alilala kidogo. Kilichomtia hofu zaidi ni hesabu aliyoielewa vizuri: msichana anaishi kwa sababu yeye anakataa, na mtu hawezi kukataa milele, anaweza kufa kabla.

Jumamosi moja mchana, Zubeida alisikia hodi. Mlangoni alisimama msichana mwembamba mwenye kipara, miguu mitupu, vumbi hadi magotini.

"Habari, mama. Namtaka baba mwenye kisu."

Zubeida hakuhitaji kuambiwa ni nani. "Yuko. Ingia, mwanangu." Alipoingia, alisukuma komeo.

Rama alitoka chumbani, akamwona, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Tingatinga zimevuka," Ngendo alisema. "Zimeng'oa kahawa mpaka karibu na chemchemi. Nimekuja unimalizie kazi. Nakuomba."

"Nani amekuleta?"

"Nimetembea. Wengine wako nje."

Rama alifungua pazia kidogo. Ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda cha M-Pesa, walikuwa wamesimama juani kwa mstari, Gathogo mwanzoni na Waceke kando yake. Watu waliwapita wakiwasalimia. Walikuwa wakitabasamu.

Zubeida alimtazama yule msichana, mifupa ya mabega ikichomoza ndani ya nguo. "Umekula lini?"

"Sili. Sadaka haili."

"Kwa nini haili?"

"Ikila cha nje inaharibika. Haitolewi tena."

"Lakini ulikunywa maji."

"Yalikuwa ya chemchemi yetu."

Zubeida aliingia jikoni, akarudi na sahani ya githeri iliyokuwa imetoka motoni sasa hivi, mahindi na maharagwe na viazi, mvuke ukipanda, akaiweka mezani na kijiko kando yake. Hakumkaribisha. Alikaa upande wa pili, akaanza kula yake, taratibu, akipuliza.

Ngendo aliitazama sahani. Mikono yake ilikuwa mapajani. Rama alimwona akimeza mate.

"Ni ya nini hiyo harufu?" Ngendo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Dania," Zubeida alisema. "Na kitunguu. Chumvi nimezidisha leo, Baba Nadira atanisema."

"Sisemi," Rama alijibu.

Nje watu walikuwa wamevuka barabara. Mlango uligongwa, pole pole, na sauti ya Waceke ikaita, "Ngendo. Ngendo wa maitu, wa mama. Mwenye kisu yuko tayari?"

Msichana alifumba macho. Mkono wake ulipanda mezani peke yake, kama mkono wa mtu mwingine, ukashika haragwe moja kwa vidole viwili. Alilitia mdomoni. Alilikalisha humo bila kutafuna, na machozi yakaanza kumtoka, na kisha taya likasogea.

Baada ya lile haragwe hakungoja kijiko.

Rama alikwenda dirishani. Mlango ulikuwa na mwanya kwa chini, na harufu au sauti ya kutafuna ilipita, au labda Waceke alichungulia. Aliinuka akawageukia wenzake, akasema jambo moja. Gathogo aliacha kutabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza Rama kuuona uso wake ulivyo, na ulikuwa uso wa mtu aliyechoka na mwenye hofu kubwa kuliko ya Rama. Kisha Gathogo aliitazama nyumba, akautazama mtaa, wasichana waliokuwa wakichota maji bombani, mmoja baada ya mwingine, akaondoka. Wengine walimfuata. Rama alijua kwamba kesho itabidi arudi kituoni, na kwa wachinjaji, na kwa kila mtu atakayekubali kumsikiliza, kwa sababu udongo wao bado una kiu.

Waceke hakuondoka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo ukiegemea mlango, mikono mitupu.

"Ngendo," aliita tena, na safari hii sauti ilikuwa imekatika kati. "Nifungulie. Mimi ni mama yako."

Zubeida alisimama, akashika komeo, akamtazama mumewe. "Anaweza kuwa amekuja kumwokoa," alisema. "Au tukifungua utaingia mkono wa Gathogo nyuma yake?"

Rama alisikiliza pumzi ya mwanamke yule upande wa pili wa mbao, na hakuweza kuitofautisha na pumzi ya mzazi yeyote.

Ngendo alimeza. Midomo yake ilikuwa imejaa mafuta.

"Msimfungulie," alisema, akavuta na sahani ya Zubeida.